Kopo la transista za kaka

BUKAVU – Wakati kaka yangu mukubwa alikufa, alituachia kopo la maziwa lenye kujaa transista. Alikuwa fundi wa redio hapa Kadutu. Redio yenye haikuweza kupona, alikuwa anaifungua na kutunza vipande vyake. Kwa miaka mingi sikugusa lile kopo.

Mimi ninapiga kinanda ku kwaya. Nilitamani ile besi nzito ya muziki wa miaka ya 1970, yenye inafunguka na kufungika kama kinywa cha mutu. Inatoka ku chujio la Robert Moog, fundi wa Marekani, mwenye alipewa hati ya uvumbuzi juu yake mwaka wa 1969. Chujio hilo linaacha sauti za chini zipite na linakata za juu. Ndani muko transista kumi, zimepangwa mbili-mbili kama ngazi, na kondensateri ine katikati. Siku hizi watu wanalitengeneza tena kama kipande kidogo chenye kuunganishwa na vingine kwa nyaya, na muchoro wake unajulikana.

Basi nikafungua kopo. Kwa sababu kuran inakatika kila wakati, nilifunga bateri mbili za pikipiki pamoja: volti 12 juu, volti 12 chini, na sifuri katikati. Nililehemu jioni tatu. Kisha nikawasha. Sauti ilikwaruza, na kila mara nilizungusha kitufe, kishindo kikapiga ndani ya spika.

Kosa lilikuwa langu. Transista mbili za daraja moja zinapaswa kufanana, na mimi nilichukua zenye mukono ulikuta. Nikaanza kuzipima moja-moja. Ukishika transista kwa vidole, joto lako linabadilisha kipimo: karibu milivolti 2 kwa kila digrii. Unaiweka, unatoa mukono, unangojea.

Nilitaka sana zote kumi zikuwe za kaka. Lakini zilitoka ku redio mbalimbali, na nyingi zilikuwa za aina ingine kabisa. Kopo nzima ilinipatia jozi mbili tu. Nilikaa siku mbili bila kugusa kazi. Kisha nikaenda ku soko, nikanunua BC547 mupya, nikapima mupaka nikapata jozi tatu zenye zilibakia.

Jozi ya kaka yenye kufanana zaidi niliiweka chini kabisa, pale sauti inaingia. Ingine iko juu ya ngazi.

Siku ya Posho, kinanda kilipita ndani ya chujio, na besi ikafunguka bila kishindo. Mama alikuwa amekaa ku mulango.

«Zake ni ngapi?»

«Ine, mama.»

Alisikiliza wimbo mupaka mwisho. Kisha akaomba nimuletee kopo pamoja na zenye zilibakia, akalirudisha yeye mwenyewe mahali pake.