Krismasi ya Majani Mabichi

Mjukuu wangu, juzi nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba ule mti wa Krismasi mnaoutoa kwenye boksi na kuuunganisha kipande kwa kipande umeanza kupukutika, na kwamba mwaka huu hapana budi mnunue mwingine. Sikutia neno. Lakini usiku ule nililala nikiiwaza Desemba ya mwaka 1983 huko Machame, ambapo kuanzia barabara ya chini hadi msituni hukupata duka lenye hata puto la kuuza, na bado kanisa letu lilipambwa mpaka wageni waliotoka Moshi mjini wakawa wanauliza fundi ni nani.

Ule ulikuwa mwaka wa wahujumu uchumi. Sokoine, Waziri Mkuu, alikuwa ameanzisha msako, na wafanyabiashara waliokuwa na vitu walivificha au wakavitupa usiku, wasiokuwa navyo wakabaki nyuma ya kaunta wakipangusa rafu tupu. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Tulifulia majani ya mpapai, na sukari ukiipata hukumwambia jirani. Zamani mapambo yalikuwa yanatoka Nairobi, zile karatasi za rangi zinazokunjuka na nyota za kung'aa, lakini mpaka ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kweli, Novemba ya mwaka ule wa 1983 ulifunguliwa tena, watu wakashangilia. Ila kufunguliwa kwa mpaka pale Holili hakukumtia mtu shilingi mfukoni.

Basi wazee wa kanisa wakamwita balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kikohozi cha ugoro na kofia ya sufu ambayo sijapata kumwona ameivua isipokuwa wakati wa sala. Yeye ndiye aliyekuwa akipamba barabara kila Mwenge wa Uhuru ulipopita kwetu, kwa hiyo kusimamisha tao la migomba kwake kulikuwa kazi ya asubuhi moja. Akatugawa sisi vijana: hawa kwenye migomba, hawa kwenye saiprasi, hawa wakachume kangaga kule bondeni kwenye maji. Alikuwa na masharti yake. Majani yakatwe alfajiri, umande haujakauka, yalazwe kivulini na kufunikwa gunia lililoloweshwa. Jani lililokatwa saa sita mchana, alisema, limeshakufa kabla hujalibeba. Saiprasi ikatwe matawi ya chini tu, mti uendelee kuishi, na ikishatimiza siku tatu ndani, koroboi isiisogelee, maana ile miti ina mafuta na ikikauka hushika moto upesi kuliko nyasi.

Lakini ufundi wake hasa ulikuwa kwenye shina la mgomba. Ule ambao mkungu wake umekatwa hauna kazi tena, unasubiri kupewa ng'ombe. Alikata pingili ya urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, akaibandua maganda ya nje yaliyochakaa hata akafikia ile nyama nyeupe inayovuja maji, akailaza juu ya ubao, kisha kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa akatoboa matundu ya mshazari. Humo akachomeka kangaga nyuma, maua mbele, na matawi mafupi ya saiprasi pembeni kuficha shina. Mgomba una maji yake mwenyewe, kwa hiyo yale maua yalikaa tangu mkesha mpaka siku ya nne bila kusinyaa na bila chombo chochote cha kununua. Hasara yake ni utomvu. Shati langu la shule lilipata doa la kahawia ambalo mama alilisugua mpaka akaliachia Mungu.

Ugomvi ulizuka kwenye masale. Kijana mmoja alipendekeza tuzungushie madhabahu majani ya isale, na kweli yangependeza, marefu, mabichi, yanayometa. Shangazi yangu, mkubwa kuliko baba, akaweka ndoo chini. Isale si ua, akasema. Isale huwekwa mpakani ili ndugu wasiuane kwa sababu ya shamba, huoteshwa makaburini, na mtu aliyekosa hufunga fundo la isale akampelekea aliyemkosea, na huyo hawezi kukataa kusamehe. Sasa ninyi mnataka kulifanya pambo? Wazee walibishana pale uani hadi jua likapanda. Mmoja akasema kama kuna siku ya amani kuletwa duniani basi ni hiyo, isale liingie. Wakakubaliana: likatwe la ua wa barabarani tu, la mpakani asiliguse mtu. Mimi hadi leo naona shangazi alikuwa na haki ya kuuliza, na wazee walijibu vizuri.

Sasa sikia. Baba yangu alipewa mzigo wa hayo masale aupeleke kanisani, na njia inapita mbele ya nyumba ya jirani ambaye walikuwa hawasalimiani tangu kiangazi, kisa zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Yule jirani alipomwona baba anakuja na isale begani akatoka hadi barabarani, akavua kofia, akanyoosha mikono. Baba hakuwa na nia hiyo kabisa. Akatazama mikono ile, akachomoa jani moja, akalifunga fundo, akampa. Alirudi nyumbani jioni sana, ananuka pombe ya mbege, na mama hakumuuliza kitu.

Taji la Majilio nalo tulilitengeneza kwa ringi ya baiskeli ya Phoenix iliyopinda, tukaizungushia saiprasi kwa kamba za mgomba. Desturi hiyo ni ya Kijerumani. Wichern aliianzisha Hamburg mwaka 1839 kwa watoto aliokuwa akiwalea, naye alitumia gurudumu la mkokoteni, kwa hiyo ringi yetu haikuwa imetoka mbali na asili yake. Mishumaa ndiyo iliyotutoa jasho: minne, kwa bei ya ulanguzi, shilingi ishirini kila mmoja, nayo ndiyo fedha pekee iliyotumika. Kwa rangi nyekundu watoto walitaka buni mbivu, mama zetu wakakataa katakata. Kahawa ni ada ya shule. Tukapewa pilipili. Pamba ya theluji haikuwapo hata zahanati, na hakuna aliyeisikitikia, kwani asubuhi mawingu yakifunguka kilele cha Kibo kilikuwa pale juu na theluji yake ya kweli.

Baada ya Epifania tulibomoa kila kitu mchana mmoja. Migomba wakapewa ng'ombe, saiprasi ikaenda jikoni na kuunguruma chini ya sufuria, na pilipili shangazi alizihesabu kabla ya kuzichukua.