Mchoraji wa Lebo

Mwezi wa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 60 katika Kitui, Makueni, Embu na kwingineko nchini Kenya, wengine walipofuka. Walisakwa wapishi na wauzaji, nayo ni haki. Lakini methanoli, kwa macho, ni kama maji tu: anunuaye kileo cha chupa huiamini lebo. Nawe uliyejaliwa kipaji cha kuchora, huenda kesho ukaombwa lebo ya namna hiyo. Usiseme, "Mimi nachora tu, sipiki." Hakuna akutakaye uwe mkemia (maabara utaitoa wapi?), uliza tu kiwanda kiko wapi, na alama ya ubora ya KEBS alipewa nani. Mteja akikuambia uinakili kutoka chupa nyingine, jibu umekwisha kulipata.