Pasta, Hiyo Tairi Ilikuwa ya Mwaka Gani?



Leo sianzi na mstari. Naanza na tairi. Wewe mwenye gari, wewe dereva wa matatu, wewe unayesimamia basi la shule au gari la kanisa, nakusihi usome mpaka mwisho.

Wengi wenu mlinisikia nikitoa ushuhuda baada ya Pasaka ya 2023. Vijana wetu kumi na watatu walikuwa wakirudi Nakuru kutoka kongamano Eldoret, shemasi akiwa kwenye usukani. Wakiteremka Sachangwan, tairi ya nyuma upande wa kushoto ikapasuka. Gari likayumba. Shemasi hakukanyaga breki kwa pupa. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka likasimama kwenye nyasi kando ya barabara. Hakuna aliyeumia hata kidole.

Barabara ile unaijua. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru ni kama 1,850. Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 wakafa. Chini kidogo, pale Migaa, basi na lori viligongana tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 wakapoteza maisha. Sisemi ajali hizo zilisababishwa na tairi. Nataka tu ujue nilichokiona moyoni nilipopigiwa simu jioni ile. Miguu iliniisha nguvu.

Jumapili nikasimama madhabahuni nikatangaza kwamba adui alitaka kutumaliza na Mungu amemwaibisha. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Nami nikacheza.

Baada ya ibada, mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa ndani ya gari lile akanifuata ofisini. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori.

"Pasta, namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wangu," akasema. "Lakini naomba kuuliza. Hiyo tairi ilikuwa ya mwaka gani?"

"Mama, kusema kweli sijui."

"Basi twende tuangalie."

Tukaenda nyuma ya kanisa ambako gari lilikuwa limeegeshwa. Mama akainama, akapangusa ubavu wa tairi iliyopasuka kwa leso yake, akanionyesha herufi DOT na mwishoni mwake tarakimu nne ndogo: 3512. Akanieleza kwamba tairi ile ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012. Ilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Hakuongeza neno lingine, na wala hakunisema kwa mtu.

Mpendwa, sehemu inayofuata sijawahi kuisema hadharani.

Mweka hazina alikuwa amenikabidhi shilingi 60,000 za kununua tairi nne mpya. Lakini tulikuwa na mkutano wa injili karibu, na spika zetu zilikuwa zinakwaruza. Nikachukua 38,000 nikanunua spika. Zilizobaki, 22,000, nikanunua tairi nne za mitumba kwa 5,500 kila moja. Zilikuwa zinang'aa, nyeusi kama viatu vya arusi. Muuzaji akaniambia zimetoka Japani na bado ni nzima. Nikamwamini kwa sababu bei ilinifaa. Kisha siku ya safari nikaweka mikono juu ya gari lile, nikalifunika kwa damu ya Yesu, nikawapungia watoto wa watu mkono.

Sikudanganya kuhusu rehema ya Mungu. Ni yeye aliyewalinda. Lakini nilimsingizia shetani kazi ambayo niliifanya mimi kwa mikono yangu.

Tangu siku hiyo nimekaa na mafundi nikajifunza, nami nakupa bure.

Kwanza, soma ubavu wa tairi kabla ya kuuliza bei. Tafuta zile tarakimu nne. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa hata kama haujatembea. Hukauka, ukapata nyufa ndogo ndogo. Mng'aro wa rangi nyeusi haukwambii kitu.

Pili, hakikisha tairi inaweza kubeba mzigo wako. Zile zangu zilikuwa 195/80 R15, saizi iliyoingia vizuri kwenye rimu. Lakini mbele ya saizi kulikuwa na namba 96, maana yake kila tairi hubeba kilo 710. Gari letu la abiria kumi na wanne lilihitaji tairi ngumu za kubebea mizigo, zenye herufi LT au C. Tulizonunua baadaye zina namba 107, yaani kilo 975 kila moja. Piga hesabu mwenyewe: nne za kwanza ni kilo 2,840, nne za pili ni 3,900. Jaza watu, mabegi na vyombo vya muziki, halafu uteremke mlima, uone tofauti.

Tatu, kama uwezo wako ni wa mitumba, usione haya, lakini iombe tairi ikiwa nje ya rimu. Pitisha mkono ndani utafute viraka na uvimbe. Angalia mifereji yake vizuri, maana kuna wanaochukua tairi yenye kipara na kuichonga upya kwa chuma cha moto. Ukiona hivyo, shukuru uondoke.

Nne, ukiweza kununua mpya mbili tu, zifunge nyuma. Gari likiteleza nyuma kwenye mvua, ni vigumu sana kulirudisha. Simama hapo fundi akizifunga, pima upepo tairi zikiwa baridi, na udai risiti.

Tano, weka akiba. Kanisa letu sasa lina bahasha ya tairi. Shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa miezi 24, ni 60,000. Bahasha hiyo haiguswi na mtu, hata pasta.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukingo, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Tafakari jambo hili. Mungu angeweza kusema, jengeni tu, nami nitamdaka kila anayeanguka. Uwezo anao. Lakini alimwagiza mwenye nyumba atafute mawe, alipe fundi, ajenge ukingo kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika bado.

Tairi za gari lako ni ukingo wa dari yako. Hununui kwa ajili yako peke yako. Unamnunulia mtoto aliyelala kiti cha nyuma, na mama anayeuza viazi kando ya barabara pale Salgaa.

Wazazi wa wale vijana kumi na watatu, na wewe shemasi, nawaomba msamaha. Mlinikabidhi watoto wenu nami nikawapima kwa bei ya spika.

Nawe mpendwa, kabla hujalala leo, chukua tochi ya simu utoke nje. Inama, usome zile tarakimu nne. Kisha rudi ndani tuombe:

Baba, asante kwa siku ulizotushika tukiwa tumezembea. Tusamehe pale tulipoita uzembe wetu imani. Tupe macho ya kuona na mkono wa kutoa kwa ajili ya uhai wa jirani. Katika jina la Yesu, amina.

Kama kuna dereva unayempenda, mtumie ujumbe huu. Mungu akubariki, tuonane Jumapili.