Mstari wa Makaa: Garsen Kabla ya Maji ya 1997

Neno El Nino liliingia Garsen kwa redio, katikati ya mwaka 1997, wakati ardhi ilikuwa bado imepasuka kwa ukame na wafugaji wa Kiorma wameshusha ng'ombe wao hadi malisho ya delta ya Mto Tana. Mtangazaji alisema maji ya bahari ya Pasifiki yamepata joto kupita kawaida, na kwamba vuli ya mwaka ule huenda ikawa na mvua kubwa sana. Alisema kweli. Lakini taarifa iliishia hapo. Hakuna aliyetuambia maji yatafika wapi kwenye kuta zetu, wala mwenye duka afanye nini na magunia yake ya sukari.

Wengi wakisimulia mafuriko yale husimulia helikopta, mamba na watu waliolala juu ya miti. Hayo yalikuwapo. Mimi nataka kusimulia majuma ya kabla, watu walipokuwa wakitembea bado juu ya ardhi kavu, kwa sababu naamini kilichookoka Garsen kiliokolewa wakati ule, na kilichopotea kilipotea wakati ule ule.

Mji ulikuwa mdogo: mtaa mmoja mrefu wa maduka, soko, msikiti, kanisa, hoteli za chai, na nyuma yake nyumba za udongo zilizoezekwa makuti au mabati. Wapokomo walikuwa wakulima wa kingo za mto. Waorma na Wardei walikuja siku za mnada. Madukani ungekuta Wasomali, Waarabu, Wabajuni na Wagiriama. Baba alikuwa na duka la rejareja na mashine ya kusaga inayotumia dizeli. Mimi ndiye niliyeshika daftari la mkopo, msichana niliyemaliza shule na kusubiri mambo ambayo hayakuja mwaka ule.

Mtu wa mbali atashangaa kwa nini watu wa Mto Tana hawakutishika. Tana huja mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, baada ya mvua za Mlima Kenya na Aberdare. Maji hupanda, hutandaza tope jipya mashambani, kisha hurudi, na mpunga hupandwa kufuata maji yanavyoondoka. Mkulima wa Kipokomo akiambiwa mto unakuja, hutazama mbegu zake. Furiko kwake ni mwanzo wa msimu. Ukimwambia ahame, unamwambia aache shamba siku linapoanza kuwa shamba. Na wafanyabiashara nao walikuwa na tegemeo lao: mabwawa. Tangu Masinga likamilike mwaka 1981, walizoea kusema mto umefungwa huko juu. Hawakujua, au hawakutaka kujua, kwamba bwawa likishajaa maji yanayoingia lazima yatoke.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kipokomo ambaye sote tulimwita Babu. Mwaka 1961, katika yale maji ambayo Kenya nzima huyaita mafuriko ya Uhuru ingawa uhuru wenyewe ulikuja miaka miwili baadaye, alikuwa kijana mwenye mke na mtumbwi. Baada ya maji yale kupungua alichanja alama kwa panga kwenye shina la mkwaju ulio karibu na soko, pale maji yalipoacha tope lao la juu kabisa. Watoto tuliipita alama ile miaka yote tukidhani ni ya wavuna asali.

Mwezi wa Septemba, Babu alikuja dukani asubuhi, akaamkiwa, akaketi juu ya debe.

"Mwanangu," alimwambia baba, "umesikia redio?"

"Nimesikia, mzee wangu. Wanasema mvua."

"Redio imekwambia *lini*. Njoo mkwajuni nikuonyeshe *mpaka wapi*."

Baba alikwenda. Alama ilikuwa juu ya kifua chake. Alirudi kimya, akamtuma kijana amwite fundi mwashi.

Fundi yule ndiye aliyefanya kazi ambayo hadi leo naiona kuwa ndiyo iliyouokoa mtaa wetu. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi hupimia usawa wa msingi, akaujaza maji. Ncha moja ilishikwa na kijana kwenye alama ya mkwaju, ncha nyingine yeye akaenda nayo ukutani kwa duka la kwanza. Maji ya mpirani yalipotulia, akapiga mstari kwa makaa. Kisha kutoka hapo hadi duka la pili, la tatu, hadi mwisho wa mtaa. Ardhi ya Garsen huonekana tambarare kwa macho, lakini mstari ulitoa siri yake: kwa baba ulipita juu ya kaunta, msikitini ulifika chini kidogo ya madirisha, na kwenye nyumba za nyuma, zile za mabondeni, ulipita juu ya milango. Wenye nyumba zile walisimama wakautazama. Kwa mara ya kwanza habari ya redio ilikuwa na urefu.

Babu alitoa nyongeza moja: kila kitu kikae dhiraa moja juu ya mstari, si juu ya mstari tu. Walioona anazidisha walikuwa wengi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na ya gharama, na hili halisemwi vya kutosha. Kujiandaa ni kuacha kipato leo kwa ajili ya hasara ambayo huenda isije. Baba aliuza mifuko yake ya saruji kwa bei ya kununulia, kwa sababu saruji ikilowa ni jiwe. Aliacha kuagiza chumvi na unga kwa wingi, na wateja wakalalamika. Mashine ya kusaga ilikuwa jambo gumu zaidi, maana kuing'oa mapema kungewarudisha wanawake wa mji mzima kwenye kinu. Walikubaliana na fundi wafanye nusu: nati zote zilegezwe, zisuguliwe kutu, zipakwe grisi na kukazwa kidogo tu, na magogo ya kuviringishia yawekwe tayari nyuma ya mlango. Mashine iliendelea kusaga, lakini kuing'oa sasa ilikuwa kazi ya saa chache, wala si siku nzima.

Halafu kulikuwa na suala la rafu. Maduka yote yalikuwa na rafu zilizopigiliwa ukutani, na wengi walipandisha mali kwenye rafu za juu wakaridhika. Babu alikataa. Kuta zetu zilikuwa za udongo, chache za matofali mabichi. Alisema ukuta wa udongo haungoji maji yafike juu. Ukilowa miguu unakaa chini kama mtu aliyechoka, na kila kilichoutegemea kinakaa nao. Akataka tujenge uchaga ndani ya duka, kama ule wa jikoni unaowekwa mahindi juu ya moshi, lakini mkubwa, wenye nguzo zake za mkoko zilizochimbiwa chini, usioguswa na ukuta popote. Tulijenga. Milango ya vyumba vya ndani ikatolewa ikawa sakafu ya uchaga ule.

Mapipa ya mafuta ya taa yalifungwa kwa kamba kwenye nguzo, kwa sababu pipa la mafuta huelea hata likiwa limejaa, na likishaelea hupiga kuta mpaka zibomoke. Mama alijaza mitungi na madumu maji ya kunywa na kuyapandisha kabla ya kitu kingine chochote cha jikoni. Mimi nilifunga daftari la mkopo, hati ya shamba na vyeti vyetu vya kuzaliwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na ndani ya debe la mafuta ya kupikia lenye mfuniko wa kukaza. Wazee wa msikiti walipandisha misahafu na mikeka. Wakulima waliambiwa neno moja tu, mbegu kwanza, na wengi walisikia: mpunga wa mbegu ulipelekwa Tarasaa, kwenye ardhi iliyoinuka, kwa ndugu na jamaa.

Palipotushinda ni vyoo. Afisa wa afya alisema vyoo vya shimo vya mabondeni vifukiwe na vichimbwe vingine juu zaidi. Hakuna aliyetaka kufukia choo chake kabla ya maji kufika, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Kuhara kulikokuja baadaye kulitoka humo.

Mvua zilianza Oktoba na Novemba zikawa za kutisha, ila Garsen mara nyingi tulikuwa na jua. Hili huwapotosha wageni. Maji yanayoizamisha delta hunyesha mamia ya kilomita kutoka delta, nayo huchukua siku kadhaa kushuka. Habari ilitufikia kwa madereva wa malori waliotoka Garissa kabla barabara haijakatika, na kwa redio ya polisi: mto umepanda kuliko walivyowahi kuuona. Siku hiyo hiyo mashine iling'olewa na kupelekwa kwa lori hadi Minjila, palipoinuka, wazee na watoto wakafuata.

Waliobaki walikwenda kutazama mtoni, na maji yakawajia mgongoni. Tana umejijengea kingo kwa tope la miaka mingi, kiasi kwamba ardhi ya nyuma ya kingo iko chini kuliko kingo zenyewe. Mto ukifurika, hupasua mahali fulani juu, kisha hujaza mabonde ya nyuma kimya kimya. Nyumba za mabondeni ziliingia maji usiku, huku ukingo wa mto ukiwa mkavu. Wale walioona mstari juu ya milango yao walikuwa wameshaondoka karibu wote.

Kwenye mtaa wetu maji yalipanda siku baada ya siku, yakasimama chini kidogo ya mstari wa makaa. Babu hakujisifu. Waliokuwa wameweka mali kwenye mstari wenyewe walipoteza nusu, kwa sababu udongo hunyonya maji na unyevu ulipanda juu kuliko maji, sukari ikayeyuka ndani ya gunia lisiloguswa na wimbi. Waliotegemea rafu za ukutani walipoteza zaidi: kuta zilikaa chini, kama alivyosema. Uchaga wetu ulibaki umesimama ndani ya duka lisilo na kuta mbili, na juu yake mchele, maharage, sabuni, viberiti na debe langu. Tulivichukua kwa mtumbwi.

Miezi iliyofuata nitaipita haraka. Barabara za Malindi na Lamu zilikatika. Uchaguzi mkuu wa Desemba 29 ulifanyika watu wakiwa kambini. Ramadhani ilianza siku zile zile, tukafuturu tulichokiokoa na cha msaada. Kutoka upande wa Garissa zikaja habari za ng'ombe na mbuzi kuharibu mimba na watu kufa wakitokwa na damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu ambao mayai yao huweza kukaa ardhini miaka, yakingoja furiko. Bucha zilifungwa. Mamia ya watu walikufa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Mradi wa serikali wa umwagiliaji mpunga katika delta uliharibiwa, ukakaa miaka mingi bila kulima. Waliokuwa na mbegu zao Tarasaa ndio waliopanda kwanza maji yalipoanza kurudi.

Mwaka 1999 wanasayansi wakaeleza sababu ya pili ya mvua zile: Bahari ya Hindi nayo, upande wetu wa magharibi, ilikuwa na joto kupita kawaida wakati upande wa mashariki umepoa. Utabiri umekuwa bora tangu hapo, na habari za mabwawa yanapofurika hutangazwa. Hata hivyo mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, niliwaona kwenye televisheni watu wa Madogo, wa Garissa na wa kwetu wakibeba magodoro vichwani ndani ya maji. Walikuwa wametangaziwa. Wengi wao, nadhani, walitangaziwa *lini* bila kuonyeshwa *mpaka wapi*, na hakuna aliyewalipia siku za kazi ambazo maandalizi huzila. Serikali za kaunti zina wahandisi na vipimo kuliko fundi wetu na mpira wake. Kupiga mstari kwenye kila shule, kila zahanati na kila duka la mabondeni si kazi ya mamilioni.

Walioona maji ya 1961 wamebaki wachache mno. Walioona ya 1997 bado wapo, na wako katika kila mji wa Tana. Wewe unayeishi mabondeni, mtafute mmoja kabla ya Oktoba, akuonyeshe yalipofika, upige mstari ukutani kwako, kisha uweke mbegu, hati na maji ya kunywa dhiraa moja juu yake, juu ya kitu kinachosimama kwa miguu yake yenyewe.