Kunoa na Kunoa

Katika chumba kimoja huko Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi, mama mmoja hufunga manyoya kwenye ndoana kutengeneza vyambo bandia. Kenya imeuza vyambo vya namna hii ng'ambo kwa miongo mingi. Vidogo ni vya trauti, samaki aliyeletwa katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya enzi za ukoloni. Vikubwa ni vya maski wa Marekani na Kanada, samaki ambaye mama huyu hajapata kumwona. Wavuvi humwita samaki wa mitupo 10,000, kwa jinsi alivyo adimu. Nacho kinywa chake ni kigumu kwa mifupa.

Kwa hiyo mama hachagui ndoana kwa mng'ao wake. Huiburura ncha juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, ni butu, ikikwama, ni kali. Iliyo butu huipitishia tupa taratibu, kwani chuma kikiliwa mno ncha hupinda. Karo ya bintiye hutoka humo.

Binti anasomea Kiswahili katika chuo kikuu katikati ya jiji. Jioni moja alirejea kimya. Darasani alikuwa ameulizwa maana mbili za kitenzi "noa". Alitaja kutia makali, akakwama. Ya pili ilikuwa kukosea. Wenzake wakaangua kicheko: "Umenoa!"

Mama hakucheka. Aliiweka ukuchani ndoana aliyokwisha kuitia tupa, ikateleza.

"Hata mimi nimenoa, mwanangu," alisema, akaichukua tupa tena.