Ubao wa Mwaloni: Safari Fupi Katika Visiwa vya Ssese

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini katika visiwa vya Ssese, nchini Uganda, hata mwenda pole huweza kujikwaa kabla safari haijaanza. Ziwa Viktoria huwa shwari asubuhi, na mgeni hudhani taabu itamngojea mbele, majini. Sivyo. Taabu iko pale pale ufukweni, katika hatua sita au saba kati ya mchanga mkavu na kiti cha mashua.

Visiwa vya Ssese ni 84, navyo viko kaskazini-magharibi mwa ziwa. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni Bugala. Mwaka 2006 meli ya MV Kalangala ilianza kwenda huko, kutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, hadi Lutoboka, na abiria wake hupanda kwa miguu yao wenyewe. Visiwa vidogo havina gati. Huko watu husafiri kwa mashua za mbao zenye mkuku mrefu chini, zilizorithi umbo la ile mitumbwi ya kushonwa kwa nyuzi ambayo Stanley aliiona katika jeshi la majini la Kabaka Muteesa I mwaka 1875. Mkuku huifaa mashua katika mawimbi, lakini ikivutwa mchangani hulala ubavu. Kwa sababu hiyo nahodha huiacha ikielea, na abiria huifuata ndani ya maji. Katika mwalo wa Kasenyi wako vijana ambao kazi yao ni kuwabeba abiria mabegani kwa malipo.

Nilikwenda katika kisiwa kimojawapo kwa kazi ya ofisi. Siku ya kurudi tulimkuta bibi mmoja mwaloni, mguu umemvimba, akipelekwa hospitali Entebbe. Vijana wote walikuwa wamekwenda kuvua. Aliyebaki mwenye nguvu alikuwa mume wa binti yake. Katika mila ya Buganda mkwe hamgusi mama mkwe wake; wazee husema avunjaye mwiko huo hupatwa na obuko, maradhi ya kutetemeka. Bibi alikaa juu ya mzigo wake, akasema, "Afadhali mguu uoze kuliko aibu hiyo." Nilijaribu kumbeba mimi, nusura tuanguke sote wawili.

Aliyetuokoa ni mke wa askari polisi wa kituo cha hapo. Alimwambia mumewe, "Baba watoto, si tuna ule ubao wa chanja ya kuanikia mukene?" Mukene ni dagaa wa ziwa hili. Ubao ulikuwa na urefu wa mita nne hivi. Mkwe mwenyewe ndiye aliyeupigilia vijiti vya kukanyagia, kisha akaingia majini, akashika kamba ya mashua na kugeuza uso wake ziwani. Bibi alipanda polepole, mke wa askari akimshika mkono.

Msomaji mwenye kuishi karibu na maji aweza kufanya hivyo hivyo, naye azingatie mambo haya:

Kwanza, mashua ielekezwe ufukweni kwa gubeti, na nanga itupwe nyuma ili mawimbi yasiigeuze ubavu. Kama ina injini, iinuliwe isigonge mchanga.

Pili, ubao uwe mnene, usiopinda, na vijiti vya kukanyagia vipigiliwe kila baada ya sentimita 30 au 40, kwani ubao ulioloa huteleza.

Tatu, ncha ya juu ifungwe kwa kamba kwenye gubeti, na ncha ya chini iachwe huru juu ya mchanga. Mashua ikitikisika, ubao utateleza kidogo bila kuanguka. Ukifungwa pande zote mbili utavunjika au utang'oka.

Nne, apande mtu mmoja mmoja, mikono mitupu, mizigo ifuate. Wa kwanza waende nyuma na kuketi chini, katikati ya upana wa mashua. Gubeti litakuwa jepesi na mashua itasukumwa kwa urahisi. Wakati wa kushuka, walio mbele watangulie, na wengine wabaki wameketi mpaka zamu yao.

Wako watakaouliza kwa nini wasingoje gati la saruji. Gati ni jema, lakini mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiasi na mialo mingi ikafunikwa na maji. Ubao huufuata ufukwe popote unapohamia.

Miezi miwili baadaye nilirudi kisiwani. Ubao ule ulikuwa umeegemezwa ukutani mwa kituo cha polisi, na chanja ya dagaa ilikuwa imepata ubao mwingine. Bibi alikuwa amekwisha rejea kutoka hospitali. Watu waliniambia kuwa aliposhuka mashuani alimwita mkwewe kwa mbali, bila kumtazama, akamshukuru kwa vile vijiti.