Tulimaliza Pamoja Mwaka 2002: Leo Wako Wapi?

Ndugu msomaji, ukifikisha miaka arobaini na kitu, salamu za watu mliosoma pamoja zinabadilika. Zamani mliulizana habari za mitihani. Leo swali la kwanza ni hili: "Uko wapi siku hizi, na unafanya nini?" Ni swali fupi, lakini linaweza kumfurahisha mmoja na kumkimbiza mwingine. Mwezi huu nataka tulizungumzie, wazazi pamoja na vijana, maana nimeona linavyofanya kazi kati ya wenzangu.

Sisi tulimaliza sekondari hapa Goma mwaka 2002. Mwaka ule hakuna anayeusahau. Tarehe 17 Januari Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka mpaka katikati ya mji, ukala nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege. Wengi wetu tulivuka mpaka kwa miguu kwenda Gisenyi, kisha tukarudi kusoma. Tulijiita "promosio ya volkano", na mpaka leo promosioneri akikupigia simu anaanza na jina hilo.

Lakini darasa lilianza kupungua kabla ya moto. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla, kwa sababu viwanda vya telefone na kompyuta vilikuwa vinatafuta sana tantali, ile metali inayotoka ndani yake. Wavulana kadhaa waliacha madaftari wakaenda kuchimba Masisi na Walikale. Walirudi wakati wa sikukuu na viatu vipya na radio kubwa, wakatucheka sisi tuliobaki kula vumbi la chaki. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wengine walirudi shuleni. Wengine walikuwa wamekwisha kuoa na kuingia madeni, hawakuweza tena kukaa kwenye benchi.

Nina daftari moja ambamo niliandika majina yetu kama mwalimu alivyoyaita asubuhi wakati wa apeli. Kila nikipata habari ya mtu, naiandika mbele ya jina lake. Acha nikusomee kidogo, bila kutaja majina.

Mmoja ni mfanyabiashara Butembo. Alianza kwa kuuza sabuni, kipande kwa kipande. Leo anakwenda Dubai na Guangzhou kununua vitambaa na vipuri vya pikipiki. Watu wanamwonea wivu juu ya ndege. Yeye ananiambia kwamba huko anaona ghala na chumba cha kulala tu, na watoto wake wamezoea sauti yake kuliko uso wake.

Mwingine alikimbilia Uganda, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nakivale, kisha akapelekwa Marekani pamoja na mke na watoto. Alikuwa na diploma ya ualimu. Huko anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Hasikitiki: watoto wanasoma, na kila jumapili anawapigisha hesabu za Kiswahili mezani wasisahau.

Wa tatu ni mwalimu wa shule ya msingi, zaidi ya miaka ishirini sasa. Zamani aliishi kwa prime ya wazazi. Masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019, akabaki kusubiri jina lake kwenye listi ya serikali. Ukimwuliza habari, atakujibu: "Tuko tu. Tunajikaza."

Wa nne alikwenda Bisie, kule Walikale, wakati kasiterite ilipotolewa kwa mikono, kabla ya mashine za kampuni. Alibeba mizigo ya kilo 50 mgongoni kupitia porini mpaka barabarani. Baadaye akashuka mwenyewe shimoni, na shimo likambomokea. Aliacha mjane na watoto wawili.

Na mimi, baada ya shule ya Biblia, nilitumwa Kanyaruchinya. Wewe uliyepita barabara ya Rutshuru unapajua: ukitoka Goma kwenda kaskazini, mawe meusi kila upande na Nyiragongo juu yako. Mwaka 2012 wakimbizi wa vita walijaa hapa, na Novemba wakakimbia tena. Kuanzia 2022 wakarudi wengine kutoka Rutshuru na vijiji vya jirani, wengi kuliko wa kwanza, wakajenga vibanda vya shitingi juu ya mawe yale.

Kati yao niliona mwanamke ambaye darasani alitushinda wote kwa hesabu. Nilimwona mara tatu, na mara tatu alivuta kitenge usoni akapita. Mara ya nne alikuwa kwenye foleni ya maji. Nikaita kwa sauti ya mwalimu wetu: "Namba kumi na saba!" Akajibu kabla ya kujizuia: "Prezan!" Watu wakacheka, naye akacheka, halafu akalia.

Aliniambia: "Pasta, nilikuona tangu siku ya kwanza. Ningekuambia niko nafanya nini? Weye ni pasta, mwingine iko Dubai. Miye niko napanga foleni ya maji." Wakati anasema hayo, watoto wengi walikuwa wamemzunguka. Nikauliza ni wa nani. Kumbe kila asubuhi aliwafundisha kuhesabu, akiandika kwa makaa juu ya kartoni. Hakuna aliyempa kazi hiyo, wala hakuna aliyemlipa, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuihesabu kuwa kazi.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ubaya wa swali letu ulipo. Tumelifanya liwe mzani. Mwenye gari anajibu haraka. Asiye na kitu anabadilisha namba ya simu. Soma mwisho wa barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 16. Kuna salamu za Erasto, ambaye alikuwa mtunza hazina ya mji. Baada yake tu, katika mstari uleule, kuna salamu za Kwarto. Yeye hana cheo kingine ila ndugu. Paulo hakumwondoa kwenye listi.

Basi sisi wa promosio ya volkano tulibadilisha apeli yetu. Siku hizi kila mmoja anaulizwa mambo matatu: Uko wapi? Nani yuko pamoja nawe nyumbani? Unahitaji nini? Habari ya kazi inakuja yenyewe. Tulianzisha pia likelemba ndogo ya kulipa minervali ya wale watoto wawili wa mwenzetu wa Bisie, maana sekondari si bure. Mfanyabiashara anatoa nyingi, mwalimu anatoa kidogo, wa Marekani anatuma kwa simu.

Mwanzo wa mwaka 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi zilivunjwa na watu wakarudi makwao. Yule mama alikuta nyumba yake haina bati hata moja. Sisi hatukumwomba kitu. Baada ya mavuno alinipigia simu: "Pasta, sina franka. Lakini namba kumi na saba iko. Nimetuma maharagi." Gunia lilifika juu ya lori. Tuliliuza sokoni, likalipa trimesta moja ya mtoto mkubwa.

Ninyi vijana wa Rubaya, wa Walikale, wa Kamituga, bei ya madini ikipanda mtaitwa shimoni, na wenye viatu vipya watawacheka. Waulizeni wale wa mwaka 2000 bei ilikaa miezi mingapi. Na ninyi wazazi, jioni hii chukueni karatasi, andikeni majina ya mliosoma nao. Msianze na wale wanaojulikana. Anzeni na yule ambaye hamjasikia sauti yake siku nyingi, mtafuteni, na mkimpata msimwulize kwanza anafanya nini.